Harufu Chumbani kwa Mwali

Nikisikia harufu ya ndala zinazoungua, hata iwe jalalani kwa watu, narudi Mbekenyera, kwenye chumba chenye magunia ya ufuta, msimu wa kipupwe niliochezwa ngoma ya unyago. Shule zilikuwa zimefungwa, ufuta umeshakung'utwa, na kila upande wa kijiji kulikuwa na sherehe. Kwetu mwali anayesubiri kutolewa hukaa ndani, macho chini, wala hasemi. Akitaka maji humvuta somo wake upindo wa khanga na kumnong'oneza. Somo wangu alikuwa shangazi Asumini, dada yake baba, mwanamke mcheshi mwenye vidole kama koleo. Alikuwa anafinya kwanza, kuuliza baadaye. Niliambiwa kwamba mwali akipaza sauti, aibu ni ya somo kuliko ya mwali, nami nilimpenda shangazi kiasi cha kutotaka kumwaibisha hata kwa kupiga chafya.

Nyumba yetu ilikuwa na umeme, jambo ambalo wakati ule baba alipenda wageni waligundue wenyewe. Fundi alituwekea taa tu, kwa waya ule mwembamba ambao mafundi huuita wa moja na nusu, pamoja na breka ndogo ya kukata umeme waya ukielemewa. Soketi zilikuja baadaye, moja moja, zote zikaungwa kwenye waya uleule wa taa. Kwa redio na kuchaji simu hakukuwa na tatizo. Siku ya kutolewa kwangu, hata hivyo, ulikuja muziki wa kukodi na maspika yake, pasi ya kunyooshea vitenge vya sare, birika la umeme, na jiko la koili aliloazimisha mwalimu mgeni aliyepanga jirani. Breka ikakata. Ikawashwa, ikakata tena. Kila muziki ulipozimika wageni waliguna, na baba akazidi kunyong'onyea. Ndipo baba mdogo Saidi, mtu asiyekubali kushindwa na kitu chochote chenye skrubu, akapanda bodaboda hadi Ruangwa, akarudi na breka kubwa ya ampea thelathini na mbili. Nilimsikia dirishani akijisifu, "Hii haikati hata mlete mashine ya kusaga!" Watu wakamshangilia, vigelegele vikapigwa, muziki ukarudi. Breka ilikuwa mpya, lakini waya ulikuwa uleule mwembamba.

Waya huo ulishuka kutoka kwenye kenchi, ukapita ukutani nyuma ya magunia, karibu kabisa na mgongo wangu. Kwanza nilihisi joto, nikafurahi, maana ilikuwa baridi. Kisha ikaja ile harufu. Nikamvuta shangazi upindo wa khanga. Akanifinya bila kugeuka, kwa kuwa alikuwa anachungulia ngoma dirishani. Nikamvuta tena, akanifinya pale pale, na pale pale palikuwa pameshaanza kuuma. Nilipogeuza macho, jambo ambalo pia lilikatazwa, niliona gunia la juu linafuka moshi. Mle ndani mlikuwa na mavuno yetu yote, shangazi, na mimi. Niliogopa moto, na kusema kweli niliogopa wale wanawake wa unyago waliokuwa nje zaidi ya moto.

"Baba mdogo, zima umeme! Ufuta unaungua!"

Sikujua kama nina sauti kubwa vile. Muziki ukakatika, baba mdogo akaja mbio, akaliburuta gunia hadi nje na kulimwagia mchanga. Waya ulikuwa umeyeyuka plastiki yake yote, ukabaki uchi, mweusi. Breka yake ilikuwa imetulia mahali pake, haijajua lolote.

Wanawake waliponizunguka, mmoja akasema kwa ukali, "Mwali kapaza sauti. Somo wake yuko wapi?" Nililia, si kwa moto. Shangazi Asumini akasimama mbele yangu. "Kanivuta mara mbili, nikamfinya. Mnayemtaka ni mimi." Nikatolewa jioni ileile, bila spika, kwa ngoma za mikono, na zililia vizuri kuliko ule muziki.

Sasa naishi Nachingwea. Nilipojenga nilimsimamia fundi mpaka akanichukia. Taa zina waya wake, soketi zina waya mnene wake, jiko lina laini yake peke yake, na kila breka inalingana na waya inaoulinda. Wanangu wakiwasha birika na pasi kwa pamoja, umeme unakata. "Mama, hii breka noma, tuweke kubwa," wanalalamika. Mimi huenda kuirudisha nikiwa na furaha wasiyoielewa.

Mwezi huu binti yangu naye anachezwa. Ngoma siku hizi ni fupi, lakini kimya cha mwali ni kilekile, nami nakiheshimu. Nilimkalisha, nikamwambia anyamaze kwa mengine yote, ila akisikia harufu ya kuungua, apige kelele umeme uzimwe.

"Na wakikasirika?"

"Wakasirike gizani," nikamwambia.