Mchinjaji wa Kanisa Letu

Sogea karibu nikuhadithie, wewe mwenzangu uliyekwenda skuli na ufagio mkononi na kidumu cha maji kichwani. Nataka nikueleze habari za watu waliolihudumia kanisa letu la Methodisti kule Wawi, kisiwani Pemba, nilipokuwa mdogo. Nitakwenda polepole, kwa sababu wengi wakisikia Pemba na kanisa katika sentensi moja huniuliza mara mbili kama nimesema sawa.

Nimesema sawa. Kanisa lilikuwepo, dogo, kuta za mawe na chokaa, bati lililopiga kelele mvua ikinyesha hata mahubiri yakasimama. Waumini tulikuwa familia chache, nyingi zimetoka bara kwa kazi za serikali au msimu wa karafuu, zikakaa. Sisi watoto tulizaliwa hapo hapo. Tulisema Kipemba kama wenzetu, tulicheza nao nage, na mdako wa kurusha na kudaka mawe, na tulikula vitumbua vya mama zao asubuhi kabla ya chai ya kwetu.

Mchungaji alikuwa na makanisa mengi ya kuzungukia, kwa hiyo tulimwona mara chache. Kazi ya kila siku ilikuwa ya watu watatu. Wa kwanza ni mwinjilisti, anayehubiri na kuwatembelea wagonjwa. Wa pili ni katibu, Bi Naomi, muuguzi wa hospitali, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kusimamisha gari. Kila Jumapili alisoma matangazo kutoka daftari la mistari, na mlangoni alibandika karatasi yenye majina ya wahudumu na kazi zao, ili mgeni ajue amuulize nani. Wa tatu ni mtunza kanisa, naye alikuwa baba yangu. Alifagia, alichota maji, alipiga ile ringi ya gari iliyotundikwa kwenye mfenesi kuwa ndiyo kengele yetu. Tuliishi nyuma ya kanisa, na nilidhani watoto wote duniani huamshwa na ringi.

Jirani yetu wa karibu alikuwa Mzee Khamis, na mkewe Bi Time. Uwanja wao na wetu haukuwa na ua. Msimu ukifika walitandaza majamvi yao ya karafuu mpaka karibu na ngazi za kanisa, na Jumapili tuliimba huku harufu ya karafuu mbichi inatuwasha puani.

Sasa nikueleze desturi yenyewe, maana ndiyo kiini cha habari. Kila Krismasi kanisa lilinunua mbuzi, na majirani walialikwa kula. Wako ambao hawakuja, na hakuna aliyewakasirikia. Lakini wengi walikuja, kama sisi tulivyokwenda kwao siku ya Idi. Ili waweze kula, mbuzi alichinjwa na Mzee Khamis. Alfajiri akitoka msikitini alipita nyumbani kwake kungoja aitwe, akachukua kisu kilichofungwa kitambaa cheupe, akaja kwetu, akamwelekeza mbuzi kibla, akapiga bismillah, kazi ikaisha. Nyama hiyo ilipikwa kwenye masufuria ya Bi Time, kwa sababu yetu hayakutosha. Hakuna aliyeyaandika haya popote. Kila mtu aliyajua, na hapo ndipo palipo na hatari. Jambo linalojulikana na wote hakuna anayekumbuka kumwambia mgeni.

Mwaka ule mgeni alikuwepo. Tulipata mwinjilisti mpya, kijana mrefu aitwaye Elia, aliyekulia kwa wafugaji huko bara. Watu walimwita Mwalimu. Ilikuwa Krismasi yake ya kwanza kisiwani na alitaka kila kitu kiende vizuri. Asubuhi ile Baba alikuwa ndani ya kanisa anapamba kwa makuti. Alitoa kichwa dirishani akamwambia Mwalimu Elia, "Mbuzi yuko nyuma. Mzee Khamis anakuja." Kisha akaniambia mimi, "Lea, kamwambie Mzee kuwa tuko tayari. Mbio!"

Nilikuwa nimeshavaa gauni langu jipya, jeupe, lenye mikono ya puto. Nilikwenda mbio kweli, mpaka ubavuni mwa nyumba ya Mzee, ambako nilimkuta mjukuu wake Raya ameshachimba kishimo cha mdako na mawe yamo ndani.

"Mkono mmoja tu," Raya akaniambia.

"Nimetumwa mie."

"Basi nenda. Unaogopa kufungwa."

Nani angeondoka baada ya maneno hayo? Nilikaa chini. Mkono mmoja ukawa miwili, ikawa sijui mingapi. Mzee Khamis alikuwa ndani anakunywa chai, hatua kumi kutoka pale, anangoja kuitwa.

Mwisho alichoka kungoja, akatoka mwenyewe na kisu chake. Aliponiona nimechuchumaa alipita tu. Nilimfuata nyuma nikijipangusa mikono, na tulipofika uwanja wa kanisa tulimkuta Mwalimu Elia amekunja mikono ya shati, anatabasamu, na mbuzi ameshatundikwa anachunwa ngozi.

"Sabalkheri, Mzee wangu!" akasema kwa furaha. "Nimeona unachelewa, nikasema sikukuu si yako, kwa nini nikusumbue? Nimemaliza mwenyewe."

Mzee Khamis akamtazama mbuzi, akatazama kitambaa mkononi mwake. "Haya," akasema. "Kheri." Akageuka, akarudi kwake polepole.

Baba alitoka na kuti mkononi. "Elia! Umefanya nini?"

"Nimechinja mbuzi."

"Umewachinjia nani?"

"Watu wote."

"Si wote. Umetuchinjia sisi tu."

Nilimwona Mwalimu akielewa. Uso ulimshuka kidogo kidogo, kama nguo inayoteleza kutoka kwenye kamba. Majirani walikuwa wamealikwa tangu Jumapili, na Bi Time alikuwa amekwisha kuleta masufuria na kikapu cha vitunguu alivyomenya mwenyewe. Nyama ilipoanza kukatwa, mmoja wa kina mama alinyoosha mkono aiweke sufuriani, Bi Naomi akapiga ukelele kutoka mlangoni: "Masufuria ya Bi Time yasiguswe!" Mkono ukarudi.

Ibada ilikuwa saa tatu. Mwalimu Elia alivua aproni, akanawa, akaniambia, "Lea, nipeleke kwa Mzee."

Hatua zile chache nilizihesabu zote. Alijua kuwa nilitumwa, kwa sababu alimsikia Baba. Neno moja tu lake lingetosha kunipatia fimbo siku ya Krismasi, na ningestahili. Mzee alikuwa barazani, kisu kiko juu ya mkeka, bado kimefungwa. Mwalimu alivua viatu akakaa chini, si juu ya baraza.

"Mzee, nimekosa. Sikuuliza."

"Mtu wa kuniita hakuja," Mzee akasema. "Alipotelea wapi?" Aliniangalia mikono, ambayo ilikuwa na vumbi mpaka kwenye viwiko.

"Haraka ilikuwa yangu, Mzee," Mwalimu akasema. "Mtoto hana kosa."

Bi Time akatoa kichwa mlangoni. "Na wewe, Mwalimu, haraka ya nini? Mbuzi kafungwa kamba, alikuwa anakwenda wapi? Alikata tikiti ya meli?"

Mzee akajitahidi asicheke. Akashindwa. Mwalimu naye akacheka, huku macho yamemjaa maji, kisha akasema jambo lililokuwa gumu kwake, nami nililijua kwa sababu nilimwona kila siku akiwapa kuku wake chenga za mchele: "Mzee, nina majogoo wangu watatu. Njoo na kisu."

Mzee Khamis akanyoosha mkono kwenye mkeka. Akachukua kisu chake. "Haya twende. Lakini sitawafukuza kuku mimi kwa umri huu. Atawakamata huyu mwenye mikono ya vumbi."

Hiyo ndiyo adhabu yangu, na sijawahi kupewa nyingine ya haki kama ile. Wawili niliwapata kwa urahisi. Wa tatu, mwekundu, alipita chini ya ngazi za kanisa, akazunguka mfenesi, akakatisha katikati ya majamvi ya karafuu, nami nyuma yake na gauni langu jeupe. Karafuu ziliruka kama mvua. "Karafuu zangu wee!" Bi Time alipiga kelele. "Mtoto wa kanisa ananimaliza!" Watu waliovaa kwenda ibadani walisimama wakishangilia, wengine wakimshangilia jogoo. Nilimkamata kwa kumwangukia.

Mzee akampa Mwalimu Elia miguu ya jogoo aishike. "Shika vizuri. Hapa uko skuli." Akapiga bismillah, akachinja wa kwanza, wa pili, wa tatu. Ringi ililia saa nne badala ya saa tatu, na niliimba mstari wa mbele nikiwa na gauni la rangi ya udongo.

Mchana yaliletwa masinia ya aina mbili, pilau ya mbuzi kwetu kutoka masufuria yetu, na pilau ya kuku kwa majirani kutoka masufuria ya Bi Time. Nilimwona Mwalimu Elia akiwasubiri majirani, macho kwenye njia, hajagusa chakula, mpaka alipoona kofia ya Mzee Khamis inakuja mbele na wenzake nyuma. Hapo ndipo alipokula. Firigisi zote tatu alipewa Mzee.

Jumapili iliyofuata karatasi ya mlangoni ilikuwa mpya. Chini ya mwinjilisti, katibu na mtunza kanisa, Bi Naomi alikuwa ameongeza mstari: Mchinjaji wa sikukuu, Mzee Khamis. Alikwenda kumwomba ruhusa kwanza. Mzee alicheka mpaka akakohoa. "Nimeajiriwa kanisani? Mwambie Mwalimu mshahara wangu firigisi." Jina lake lilikaa mlangoni pale mpaka alipofariki, na wahudumu wetu wote walisimama mazikoni.

Mwalimu Elia hakumwambia Baba kamwe habari za mdako. Baba yu hai, na akisoma hapa ndipo atakapojua. Nisamehe, Baba.

Nilikwenda Wawi Krismasi iliyopita. Kanisa lina rangi nzuri na spika, na karatasi ya mlangoni haipo. Majina ya wahudumu yako kwenye kundi la simu, na mstari wa mchinjaji hauko tena. Vijana walinunua nyama iliyokatwa tayari, ndani ya mifuko. Ilikuwa halali, safi, na iliiva upesi. Walituma picha za masinia kwa majirani, na majirani wakajibu kwa vidole gumba. Nawapenda vijana wale, wana bidii kutushinda, na wanajua kuimba. Ila hakuna aliyengojwa, na asubuhi nzima hakuna aliyevuka uwanja.

Sasa ukuta umejengwa kati ya kanisa na nyumba ya Mzee, lakini una mlango, na Raya bado anaishi pale. Mwanawe mkubwa anacho kile kisu. Niliwaonyesha vijana mlango, na wewe pia nakuelekeza, popote ulipo. Sikukuu ijayo nunua mbuzi, umfunge kamba uwanjani, umtume mtoto kwa jirani, na usiguse kisu mpaka jirani afike. Mtoto akichelewa, mfuate ukamwangalie kwenye mdako.