Nusu Siku

Juzi, mchana wa Ramadhani, mwanangu, anayefunga nusu siku, alinikuta nyuma ya mlango wa jikoni, mkate wa kumimina umenijaa mdomoni.

Nilimkumbuka mama, nyumbani kwetu Shella, akila mbaazi za nazi naye nyuma ya mlango, kimyakimya. Mimi nilikuwa nikifunga saumu ya kitoto, ya kuishia adhuhuri, nikafurahi kupata mwenzangu. Magharibi, wajomba walipokaa kufuturu, niliwatangazia: "Mama naye amefunga nusu siku, kama mimi!"

Mjomba mmoja alikohoa. Mama aliinama, akazipanga upya tende zilizokwisha kupangwa. Nilidhani anaona haya kwa kushindwa na njaa. Nilipovunja ungo ndipo nilipojua kwamba alikuwa hedhini.

"Mama," mwanangu alisema, akiondoka mbio, "namwambia babu tuko sawa!"