Mto wa Sufi Juu ya Madigadi

Wiki hii nimerudi kwetu Nambambo, na kitu cha kwanza nilichokabidhiwa ni mto. Mjomba alikuwa ameutunza tangu tulipomzika babu. Umelowa grisi mpaka umekuwa mweusi, mtu mwingine angeshautupa jalalani. Mimi niliukumbatia kama mjinga, nikaunusa, machozi yakanitoka.

Ngoja nikueleze. Babu alikuwa na gari la spoti, jekundu, la milango miwili, aliloachiwa na mzungu mmoja aliyefungasha virago kurudi kwao. Boneti lake lilikuwa refu, ungedhani limetengenezwa kwanza, gari likafuata baadaye. Lilikaa uani chini ya kibanda cha nyasi, na kuku walitagia kwenye buti. Kila akiinamia injini babu aliumwa kifua, ndipo bibi akamshonea mto wa sufi wa kutandika juu ya madigadi, bati la juu ya gurudumu alipoegemea. Akishaulalia, hakuwa na haraka tena. Alifungua na kufunga nati kama mtu aliye kitandani kwake.

Kazi ya bibi ilikuwa kukaa kwenye usukani na kuuliza, "Niwashe?" Babu alijibu, "Bado." Mimi nilikaa kiti cha pili na bakuli la ming'oko, mizizi ya porini iliyochemshwa kama viazi, nikimenya na kula. Basi hapo, boneti likiwa wazi katikati yao, wasionane nyuso, wazee wale walizungumza. Wakati wa kula babu alikuwa mtu wa "Chumvi imezidi" na "Maji yako wapi" tu. Chini ya boneti alikuwa mtu mwingine. Siku moja nilimsikia akimwambia bibi kwamba bibi alipougua homa ile kali, yeye babu aliogopa sana kubaki peke yake. Bibi akasema, "Kaza hizo nati, mzee. Mimi nipo."

Bibi alitaka jambo moja tu: apelekwe kwao Nandagala, kule Ruangwa, kwa gari lile, dada yake amwone. Alitoka huko kwa miguu, bi harusi na mkeka wake kichwani. Msimu mmoja wa korosho, uani kukinuka mabibo, aliuliza kama kawaida. Babu akasema, "Haya, washa."

Likanguruma! Kuku waliruka, jirani akaja mbio na mwiko mkononi.

Tulikwenda, mimi nimejibana nyuma ya viti. Bibi alivaa kanga mpya. Na njia nzima, wamekaa bega kwa bega, hawakusemeshana. Babu alikohoa. Bibi aliangalia mikorosho. Dada yake alitupokea kwa vigelegele, lakini kurudi kukawa kimya vilevile, nikadhani wamegombana.

Kesho yake asubuhi nilimkuta babu akichomoa plagi ambazo hazikuwa na ubaya wowote. Bibi alimwona kutoka jikoni, akacheka peke yake, akaenda kuuchukua mto.

Gari halikwenda tena popote. Bibi alitangulia, babu akafuata, na wanunuzi wa chuma chakavu wakalikata vipande. Pale liliposimama pameota majani.

Jana niliegesha gari langu palepale. Nikafungua boneti, nikautandika mto, nikaulalia. Gari ni zima, halina tatizo lolote. Nilikaa hivyo muda mrefu, nikisubiri mtu aniulize, "Niwashe?"