Utitiri wa Kisima cha Uani

"Hata ungeniambia kina dhahabu, dada, leo kinafukiwa."

"Nimekuomba nichote mara moja tu, kaka. Halafu fukia, hata na mimi ndani."

"Usinijaribu. Kifusi kinatutosha wote wawili."

Ndugu wa tumbo moja hao, jikoni, chai imepoa mezani. Nje mawe yalikuwa yakiporomoka, wao wakadhani ni fundi wa jirani.

Dada mtu walimbandika jina Jicho Moja, si kwamba la pili hana, ila ameishi akilifumba, mwenzake limeganda kwenye hadubini. Kazi yake ni kutambua na kuandika aina za utitiri wa maji baridi, vidudu ambavyo chungu akipiga chafya ukoo mzima unahama mtaa. Huvilaza juu ya kioo, akavihesabia vinyweleo vya miguu. Aliwahi kusema amemwona mmoja akipiga mwayo, na hakuna aliyebisha, maana nani mwingine angeona?

Katika kisima cha uani alipata utitiri mwekundu kama tone la damu, ambao hakuna mto wala bwawa lililowahi kuutoa. Tatizo, wote aliowanasa ni majike. Bila dume, mwenye mguu wa nyuma uliopinda kama ndoano, wenzake wa kazi hawangeukubali kuwa aina mpya. Ungezikwa bila jina.

Na kisima hichohicho ndicho kilichommeza binti wa kaka mtu, mbao za mfuniko zilipokatika. Kandambili zake bado zilikuwa mlangoni.

"Mtoto aliyekuita shangazi katolewa majini," kaka mtu akasema, "na wewe unaulizia wadudu. Hata kulia hulii."

"Nalia kwa jicho nisilofanyia kazi."

Kaka mtu akacheka puani, kicheko kikamgeukia kikawa kikohozi. "Mdudu asiyeonekana akifa, nani atamkosa?"

"Ndiyo maana namwandika."

"Mwandike mwanangu basi."

"Mbao zile uliahidi kuzibadilisha tangu zianze kuoza."

Neno limeshatoka, halina mkia wa kulivutia. Kaka mtu akashika ukingo wa meza.

"Na kamba ya wavu wako," akajibu taratibu, "ndiyo iliyokuwa ikizisaga kila siku."

Hatimaye kaka mtu akageuza uso ukutani.

"Haya, chota. Upesi, kabla mama wa mtoto hajaamka."

Jicho Moja akauchukua wavu nyuma ya mlango. Hapo mlango wa uani ukasukumwa. Akaingia wifi yake, karai tupu kiunoni, vumbi la kifusi limempanda hadi viwikoni, kucha zinavuja damu. Akautazama wavu.

"Wifi, nilikuwa nataka tu..." Jicho Moja akaanza.

"Kisima kimeshajaa mawe hadi mdomoni," wifi akasema, akalitua karai.