Paa la Mapenzi Lililoinyima Miche Chakula

Saa moja asubuhi, Mama Miche yuko juu ya ngazi, nyundo mkononi, anang'oa misumari. Chini, mumewe, fundi seremala, ameshika ngazi kwa mikono miwili. Amenuna.

"Taratibu, mke wangu. Bati hilo nililipigilia kwa moyo wote."

"Ndiyo maana halitoki."

"Basi shuka nipande mimi."

"Wewe ukipanda utaongeza misumari."

Miaka tisa sasa, mama huyu wa watoto watatu anaotesha miche ya mboga nyuma ya nyumba yake. Mwezi uliopita alilalamika kuwa jua linamuumiza kichwa. Alipokwenda kumuuguza dada yake kwa wiki mbili, mumewe akaona amfanyie jambo: akaezeka kitalu chote kwa mabati.

Mama Miche alirudi akakuta miche mia sita ya nyanya, iliyoagizwa na kikundi cha wakulima, imerefuka kama uzi na kupauka. Fundi naye, kwa huruma, alikuwa ameiongezea mbolea mara mbili.

"Nikamwambia, baba watoto, mbolea ni kama chumvi tu. Chakula chenyewe mche unajipikia," anasimulia, akigeuza jani kiganjani. "Jani ndilo jiko. Maji yanapanda kutoka mizizini, hewa inaingia kwenye vitundu vya huku chini, hata macho hayavioni. Moto ni mwanga wa jua. Hapo ndipo sukari inapopikwa. Mwenzangu kazima moto, halafu anaongeza chumvi."

Fundi anakuna kichwa. "Mimi nilijua nawafunika watoto."

Wakulima watakuja baada ya siku kumi na mbili, na wamesema wazi kwamba mche legelege hawauchukui. Hata hivyo, Mama Miche hathubutu kuezua paa zima kwa mkupuo, kwani majani yaliyozoea kivuli yangeungua. Anatoa bati moja kila siku.

Safu ya kwanza, iliyofunguliwa siku tano zilizopita, imeanza kurudisha kijani chake.

"Urefu haurudi nyuma, ila shina litanenepa. Nikiokoa mia nne, nitashukuru."

Baadaye anataka paa la nailoni angavu, lizuie mvua na kupitisha mwanga. Mabati nayo yana mpango wake: fundi ameshapima kona ya kibanda kidogo cha kupumzikia.

"Kivuli nilikileta kwa ajili yako," anamwambia mkewe. "Nilikosea mahali pa kukiweka."

Mama Miche anashuka, anammiminia misumari kiganjani.

"Sawa. Lakini weka viti viwili."