Barua Isiyopigwa

Jumanne nilikuwa nangoja fotokopi kwenye duka moja la kupiga taipu mjini Thika. Mama mmoja kutoka Gatuanyaga, viatu vyeupe kwa vumbi, alikuwa akiandikiwa barua ya kumwombea bintiye nafasi ya kusomea uuguzi. Msichana wa duka aliiandika kwa kompyuta mpya, akaitoa safi kabisa, bila kosa hata moja.

Mama hakuisoma. Aliigeuza, akapitisha kidole gumba nyuma ya karatasi, polepole.

"Hii haijapigwa."

"Mama, hii ni kompyuta. Haipigi, inaprinti."

"Ya ndugu yake ilipigwa mpaka nukta zikatoboa karatasi. Na akaitwa."

"Lakini hii inaweka barua yako ndani. Inaikumbuka."

"Ai, mami! Sitaki ikumbuke yenyewe. Nataka wale wa chuo ndio wakumbuke."

Msichana alishusha pumzi, akaenda kuinua mashine ya zamani ya taipu iliyokuwa ikizuia mlango usijifunge. Akaipiga barua upya, kwa hasira kidogo, na makosa mawili yakapakwa wino mweupe. Mama akapapasa tena nyuma, akatabasamu.

"Sasa hii wataisikia."

Nilitoka nikicheka. Halafu nikakumbuka kwamba tangu tupewe kompyuta ofisini, nimelalamikia barabara ya Gatuanyaga kwenye safu hii mara tatu, na hakuna greda iliyoonekana. Hebu papasa nyuma ya ukurasa huu, msomaji. Unasikia kitu?