Siku Mto Ulipotupangia Mji

Mwanzoni mwa miaka ya sabini nilitumwa katika soko moja dogo lililo mbele kidogo ya Mutomo. Nilikuwa mchora ramani wa halmashauri, mwanamke pekee katika ofisi yetu, na nilikwenda na bosi wangu ili tupange mahali ambapo mji ule ungepanuka. Bosi alikuwa mtu wa makamo kutoka Mukuyuni, mpole, mpenda chakula, mwenye kofia pana aliyoivaa hata akiwa ndani ya nyumba.

Kazi ilionekana rahisi. Makao makuu walikuwa wameshatupa mchoro wao: maduka yabaki yalipo, na watu wote wajengewe makazi mapya ng'ambo ya mto. Mto wenyewe ulikuwa wa mchanga, mkavu karibu mwaka mzima. Watu waliuvuka wakizungumza kana kwamba wako barabarani. Ng'ambo kulikuwa tambarare, na mistari ingekaa vizuri kwenye karatasi. Mfanyabiashara mmoja, ambaye ndiye pekee aliyekuwa na lori pale sokoni, aliupenda sana mpango huo. Alisema watu wanaoishi nyuma ya maduka wakiondoka, yeye atapata barabara pana ya kupitishia mizigo.

Mimi nilipangishwa chumba nyuma ya duka la vitambaa. Mwenye duka alikuwa mjane Mwislamu ambaye babu yake alitoka pwani akifuata biashara. Yeye alizaliwa Kitui, na Kikamba chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mbele aliuza leso, nyuma alilala na binti zake, na vyumba vya uani aliwapangisha mwalimu, muuguzi wa zahanati na fundi viatu. Asubuhi niliamshwa na harufu ya mandazi ya jirani. Kisima, kinu cha kusaga, kanisa, shule, vyote vilikuwa karibu kiasi kwamba nilitoka kununua maziwa nikiwa bado na kitana kichwani.

Jioni moja mjane aliniuliza ninachora nini. Nikamweleza. Alikunja kitambaa, halafu akasema, "Mwanangu, nikilala ng'ambo, mteja akija na haja ya sanda jioni, atamgongea nani mlango?"

 Kesho yake nilimpelekea bosi swali hilo, naye akakiri kwamba jambo hilo lilikuwa likimsumbua tangu tulipofika. Lakini wakubwa wawili kutoka makao makuu walikuwa njiani kuja kuidhinisha mpango, na hakujua aanzie wapi.

Walifika na Landrova, watu wa heshima zao, na kabla ya chakula wakataka kuona uwanja. Tukavuka mto sisi sote kwa Landrova yao, na mwenye lori akafuata na lori lake ili awaonyeshe jinsi magari yatakavyopita. Upande wa vilima kulikuwa na wingu zito, lakini sisi hatukupata hata tone. Tulikuwa tukipigilia vigingi tuliposikia ngurumo ya chini chini. Tulipogeuka, mto ulikuwa umefurika, maji mekundu yakisukuma magogo na matawi, kutoka ukingo hadi ukingo.

Mwanzoni tulicheka. Halafu jua likazidi, na tukagundua kwamba upande ule hakukuwa na kitu. Hakuna kioski, hakuna kivuli, hakuna maji ya kunywa. Watu wa soko walijaa ukingo wa pili kututazama. Mjane alikuwa amewapikia wageni pilau. Akaja na sufuria yake mpaka majini, akafunua kifuniko, akatutazama, akafunika tena. Mwenye lori ndiye aliyeteseka zaidi. Funguo za duka zilikuwa mfukoni mwake, na aliwaona wateja wake wakingoja mlangoni, kisha mmoja mmoja wakihamia duka la jirani. Aliwapungia mkono mpaka akachoka, kisha akaketi kwenye ngazi ya lori lake.

Mkubwa mmoja alimgeukia bosi wangu. "Watu wakihamia hapa," akauliza, "siku kama hii watanunua wapi unga?"

"Swali hilo tulitaka kuwaletea baada ya chakula, bwana," bosi akajibu. "Sasa chakula kiko ng'ambo."

Yule mkubwa alijizuia, kisha akacheka. Nikaona nafasi ndiyo hiyo. Nilitandaza karatasi juu ya boneti ya Landrova, nikageuza upande usioandikwa, tukaanza upya. Nyumba tulizirudisha upande wa soko: maduka yenye vyumba nyuma, safu za vyumba vya kupanga kwa wafanyakazi na vijana, na ploti kubwa kidogo kwa wenye jamaa nyingi. Katikati nilichora njia ya miguu yenye miti, pana ya kutosha punda na baiskeli. Barabara ya magari niliizungusha nje ya soko, na steji ya basi pembeni yake.

Mwenye lori aliinama juu ya karatasi. "Na mzigo wangu utaubeba wewe?"

Nikamwambia mkokoteni utaubeba kutoka barabarani, na kwamba kila atakayekwenda kisimani au kanisani atapita mbele ya mlango wake kwa miguu. Alitazama tena duka lake ng'ambo. "Basi mlango wangu uuchore mkubwa," akasema.

Maji yalipungua jua likielekea kuzama. Tuliacha magari ng'ambo, tukavuka kwa miguu tumekunja nguo, na pilau ikapashwa moto. Sijawahi kuona wakubwa wakila vile.

Mpango ulipita, ingawa walipunguza upana wa njia na miti mingine haikupandwa kamwe. Mji ulijengwa polepole, ukuta huku, bati kule. Mwenye lori alikuwa wa kwanza kujenga duka lenye vyumba nyuma, na hakuacha kulalamikia mavi ya punda. Mimi niliolewa na yule mwalimu wa uani, tukachukua nyumba katika mojawapo ya zile safu.

Miaka ya tisini nilimleta mama yangu kutoka Tseikuru, miguu yake ikiwa imechoka. Huko kwetu alikuwa hatoki tena bomani, kwa sababu jirani alikuwa mbali na duka lilikuwa mbali zaidi. Nilidhani nitamtunza ndani. Kabla ya wiki kuisha alikuwa akishika mkongojo wake, anakwenda kinuni, anapumzika kwa kinyozi, anapita kanisani, anarudi na habari za watu ambao mimi mwenyewe sikuwajua. Kaka zangu walipokuja kumrudisha Tseikuru aliwapikia chai, akawauliza hali ya mbuzi, akawasindikiza mpaka steji. Basi lilipoondoka aligeuka akaniambia nitangulie nyumbani, yeye ana watu wa kuwaona njiani.